Kabla ya kupiga kasia, tufungue kamba



Karibu katika kila koperative niliyotembelea miaka hii, nilisikia wakubwa wakisema neno moja: "Shida yetu ni wanamemba. Hawataki kubadilika." Prezida analisema, jeran analisema, agronomu analisema. Hata sisi wa mashirika tunaliandika ndani ya ripoti. Mimi mwenyewe nililiandika mara nyingi.

Leo ninataka kusema kinyume chake. Kwa mawazo yangu, mwanamemba anayekataa jambo jipya mara nyingi anajua kitu ambacho komite haijui. Tukimsukuma bila kumuuliza, tunapoteza ile habari aliyo nayo, na kisha tunampoteza yeye pia.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kahawa iliyo chini ya kitanda

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa animateri katika koperative moja ya kahawa milimani, upande wa Ziwa Kivu. Jina lake silitaji, maana kosa lilikuwa letu sisi tuliotoka nje kuliko lao.

Mnajua wenyewe namna kazi ilivyokuwa. Kila nyumba inavuna, inamenya kahawa kwa mashine ya mkono ao kwa jiwe, inaosha ndani ya ndoo, inaanika mbele ya mlango. Kahawa ya namna hiyo haifanani. Ya huyu imechacha kupita kiasi, ya yule inanuka moshi, na mnunuzi anashusha bei ya yote. Wengine walikuwa wanaivusha usiku kwa mtumbwi mpaka Rwanda, na wengi wetu tunakumbuka watu waliozama ndani ya ziwa hili pamoja na mizigo yao.

Basi tukajenga stasioni ya kuosha kahawa. Mkulima analeta kahawa nyekundu, ile tunayoita serizi, siku ileile aliyoivuna. Inatiwa majini ili zile nyepesi zielee na kuondolewa. Inamenywa, inachachushwa, inaoshwa, kisha inakaa juu ya meza za kuanikia majuma mawili ao matatu. Ubora unapanda, bei inapanda, mnunuzi wa mbali anakubali kuandika mkataba. Nani atakataa?

Tulifanya semina ya siku tatu. Nilichora hesabu kwenye ubao: kilo sita ao saba za serizi zinatoa kilo moja ya kahawa iliyo tayari kusafiri, bei hii hapa, faida hii hapa. Nikauliza: "Mmesikia?" Wakajibu kwa sauti moja: "Tumesikia!" Wakapiga makofi. Tukakunywa sukre, tukaandika majina, nami nikatuma ripoti: wanamemba wote wamekubali.

Mwezi wa tatu ukafika, kahawa ikaiva, na matangi ya stasioni yakabaki nusu tupu. Usiku, ukipita njiani, ulisikia mashine za mkono zinazunguka nyuma ya nyumba. Walikuwa watu walewale waliopiga makofi. Komite ikakasirika, ikaweka amende: atakayekamatwa anamenya kahawa nyumbani atalipa, na akirudilia ataondolewa katika koperative. Watu hawakugomba. Waliendelea tu, kwa siri zaidi. Kiisha wengine wakaacha kuja katika mikutano. Shirika lililotoa feza likaanza kuuliza kama stasioni ifungwe.

Siku moja nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa amekaa mbele kabisa kwenye semina. Nilimkuta anaanika kahawa yake. Hakujificha. Akaniambia hivi:

"Animateri, mulituuliza kama tumesikia. Hamukutuuliza tunaogopa nini. Hii kahawa kavu njo banki yangu. Iko chini ya kitanda. Mtoto akigonjwa, napima kilo mbili, naenda kwa jirani, napata franga ya dawa. Sasa munasema nipeleke yote kule siku ya kuvuna, na franga itoke kwa karti ya bwana yangu. Miye nitabakia na nini?"

Sikuwa na jibu. Hesabu yangu kwenye ubao ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa hesabu ya kilo. Yake ilikuwa hesabu ya nyumba. Kwa siku tatu nzima nilikuwa nimemfundisha mtu ambaye alikuwa na jambo la kunifundisha.

Kamba tatu

Kuanzia siku hiyo nikapita nyumba kwa nyumba, bila karatasi ya ripoti mkononi, na swali moja tu: ukikubali jambo hili, utapoteza nini?

Kwa mama yule na wenzake wengi, jibu lilikuwa feza iliyo karibu na mkono.

Kwa baba mmoja jibu lilikuwa lingine. Yeye alikuwa na mashine ya mkono iliyo nzuri kuliko zote za kijiji. Majirani walimlipa kidogo kidogo ili wamenye kahawa yao, lakini malipo hayakuwa jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba kila jioni ya mavuno uwanja wake ulijaa watu. Walimuomba mashine, walimuomba shauri, walimuita mkubwa. Stasioni ilipofunguliwa, uwanja wake ukawa kimya. Hakuna mtu aliyemuambia hata pole. Yeye ndiye aliyekuwa anaeneza neno kwamba mizani ya stasioni inaiba.

Kwa mzee mmoja, kahawa yenyewe haikuwa shida. Shida yake ilikuwa ristorni, ile feza ya nyongeza ambayo koperative inagawa baada ya kuuza. Akaniuliza: "Mutanilipa nusu leo, nusu nyingine kiisha miezi? Kijana, miye niliishaona." Alikuwa na haki. Mwisho wa 1979 serikali ya Zaire iliondoa noti za zaire 5 na 10, ikawapa watu siku chache tu za kuzibadilisha. Waliokuwa mbali na mji walibaki na makaratasi. Mwaka wa 1993 zikaletwa zaire mpya, na zaire milioni 3 za zamani zikahesabiwa kuwa 1. Mzee kama huyo, ukimuambia "acha feza yako kwetu, utaipata baadaye," hasikii sauti yako. Anasikia sauti ya wale wa kwanza. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Hizo ndizo kamba tatu nilizozikuta: kuogopa kupoteza riziki iliyo mkononi, kuogopa kupoteza heshima, na kukumbuka kudanganywa. Hakuna hata moja inayoitwa ujinga. Wala hakuna hata moja ambayo semina yangu iligusa.

Wataalamu wanasema nini

Jambo hili si la milima yetu peke yake. Kuna elimu inayochunguza namna watu wanavyowaza na kuamua, yaani saikolojia, na wataalamu wake walikutana na shida kama yetu zamani sana.

Mmoja wao aliitwa Kurt Lewin. Alikuwa Myahudi aliyetoka Ujerumani mwaka wa 1933 na kufanya kazi Marekani. Wakati wa vita kuu ya pili, serikali ya Marekani ilitaka akina mama wapike nyama za ndani, kama moyo na figo, juu nyama nyingine zilikuwa zinapungua. Sisi tunaweza kushangaa, maana kwetu hicho ni chakula kizuri, lakini wale akina mama walikuwa wanaona haya na kinyaa. Lewin akawagawanya katika vikundi. Vikundi vingine vilipewa mafundisho mazuri: afya, bei, namna ya kupika. Vikundi vingine vilikaa na kuzungumza wenyewe kwa wenyewe: nini kinatuzuia, bwana nyumbani atasema nini, harufu tutaifanya namna gani. Mwisho waliinua mikono kuonyesha nani atajaribu juma lile.

Baadaye wakatembelewa. Kati ya waliofundishwa tu, 3 kwa 100 walikuwa wamepika nyama ile mpya. Kati ya waliozungumza na kuamua pamoja, walikuwa 32 kwa 100. Nyama ni ileile, faida ni ileile, akina mama ni wa namna moja. Kilichobadilika ni kwamba wa pili waliulizwa kizuizi chao na wakaamua wenyewe mbele ya wenzao.

Lewin alisema pia kwamba hali yoyote inasimama pale ilipo juu kuna nguvu mbili: zinazosukuma mbele na zinazozuia. Ukiongeza nguvu ya kusukuma bila kugusa zinazozuia, unaongeza ugomvi tu. Sisi watu wa ziwa tunaweza kusema hivi: mtumbwi umefungwa kwenye mti, na watu ndani wanapiga kasia kwa nguvu. Ukiongeza wapiga kasia, kamba inakaza zaidi, ao mtumbwi unapasuka. Semina yangu ilikuwa kasia. Amende ya komite ilikuwa kasia la pili. Hakuna aliyeshuka kutazama kamba.

Mwaka wa 1948 wanafunzi wa mawazo yake, Lester Coch na John French, waliandika juu ya kiwanda kimoja cha kushona nguo za kulalia katika jimbo la Virginia. Kila mara kazi ilipobadilishwa, wafanyakazi walikasirika na kuondoka. Wakajaribu namna mbalimbali. Kikundi kimoja kilielezwa tu kwamba kazi inabadilika. Vingine vilishiriki wote kupanga namna kazi mpya itakavyofanyika na kulipwa. Katika kile cha kwanza, 17 kwa 100 waliacha kazi ndani ya siku 40. Katika vile vilivyoshiriki wote, hakuna hata mmoja aliyeondoka, na kazi yao ikapita ile ya zamani.

Na juu ya ile hofu ya kupoteza, Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka wa 1979 kwamba uchungu wa kupoteza kitu unapita furaha ya kupata kitu cha kiasi kilekile. Mkulima mwenye shamba dogo hakuhitaji kitabu ili ajue hilo. Kwake faida ni ahadi, lakini hasara ni njaa ya watoto mwezi huu.

Tulifanya nini kiisha

Sitasema mambo yote yalitengenea. Nitasema yaliyotokea.

Kwanza komite iliondoa amende. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, juu prezida aliona kama anashindwa mbele ya watu. Lakini alisimama akasema: "Tulikosa kuwauliza." Neno hilo lilifungua midomo kuliko semina zangu zote.

Akina mama wakakutana peke yao, na mwanamke mwenzao akiongoza. Wakaomba mambo mawili: kila mama anayeleta kahawa awe na karti kwa jina lake, na malipo ya kwanza yatolewe mkononi palepale kwenye mizani. Mabwana wengine walinung'unika. Mkutano mkuu ukapiga kura, ukakubali. Kisha akina mama wakaanzisha kikundi cha AVEC, na sanduku la funguo tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Banki ya chini ya kitanda haikufa, ilihama. Ndipo kahawa ikaanza kutoka nyumbani.

Yule baba mwenye mashine tulimuomba asimamie mashine ya stasioni. Hatukumpa kazi hiyo ili tumfunge mdomo. Alikuwa anajua kweli kusikia kwa sikio kama mashine inavunja mbegu. Mwaka huo hakuna aliyeisema tena mizani kwa siri, maana yeye mwenyewe alikuwa amesimama karibu nayo.

Kwa mzee, tulikubaliana asilete mavuno yote. Alileta sehemu ndogo, msimu mmoja, ili aone. Kaye ya mizani ikawa inasomwa kwa sauti kila siku ya soko. Siku ristorni ilipogawiwa, aliihesabu mara mbili mbele yetu, akaiweka mfukoni, hakusema kitu. Msimu uliofuata alileta zaidi.

Ilichukua msimu mzima na zaidi. Wengine waliofukuzwa na amende ile hawakurudi mpaka leo, na hao ninawahesabu kuwa deni langu.

Mitego miwili

Najua komite nyingine zitasema: "Na sisi tunashirikisha watu. Tunaita mkutano." Ndugu zangu, kuna mikutano ambayo uamuzi umeishafanyika mjini, na wanakijiji wanaitwa waje kuupigia makofi. Mtu anajua. Akiulizwa mawazo yake mara moja, na mara ya pili, na yasibadilishe kitu, mara ya tatu atanyamaza, na ukimya wake mtauita kukubali. Heri kusema wazi: jambo hili limekwisha kuamuliwa, na juu ya lile ninyi mtaamua. Kwa mfano, mnunuzi hatapokea kahawa mbichi iliyochanganywa na nyekundu, na hilo halina kura. Maji machafu ya stasioni yasirudi ndani ya mto ambao watu wa chini wanakunywa, na hilo pia halina kura. Lakini saa za kupokea, nani anashika mizani, malipo yanatoka namna gani, hayo yote wanamemba wanaweza kuyaamua vizuri kuliko mimi.

Mtego wa pili ni kusahau kwamba wakubwa nao wanakataa kubadilika. Tunasema sana juu ya mkulima mkaidi. Hatusemi juu ya komite ambayo muda wake umekwisha na haitaki uchaguzi, ao jeran ambaye vitabu vyake vya hesabu havionekani. Hapa lazima tutenganishe. Kuna mtu anayeogopa kupoteza kilicho haki yake: huyo tumsikilize na tumlinde. Kuna mtu anayeogopa kupoteza alichochukua kwa wengine: huyo tumsikilize pia, lakini vitabu vifunguliwe. Tangu Kongo kuingia katika OHADA mwaka wa 2012, sheria ya koperative iko wazi: kila mwanamemba ana sauti moja, hata awe na hisa ngapi. Mwenye nyumba ni mkutano mkuu.

Na sisi wa mashirika tusijifiche. Tunaleta projé ya miezi michache, tunataka majina mengi kwenye karatasi, na tunahesabu waliokaa kwenye semina kana kwamba ni waliobadilika. Tukiendelea kulipa semina na kukataa kulipa muda wa kusikiliza, tutaendelea kujenga matangi yanayobaki nusu tupu. Mafundisho ni lazima, sikatai. Lakini mafundisho yaje baada ya swali.

Kabla ya msimu unaokuja

Ninaomba kila koperative inayosoma karatasi hii ifanye jambo moja kabla ya kuleta mbegu mpya, mashine mpya, ao kanuni mpya. Mwite mkutano mmoja usio na ubao wala mtu wa mji wa kufundisha. Akina mama wakae peke yao kwanza, vijana peke yao, wazee peke yao. Kila kikundi kiulizwe: tukikubali jambo hili, nani kati yetu atapoteza nini? Majibu yaandikwe ndani ya kaye, hata yale yasiyopendeza komite. Kisha mkae wote pamoja, mtazame hasara moja moja, mseme nani ataibeba na namna gani. Mwanzo ujaribiwe na wachache wanaotaka, kwa msimu mmoja, na hesabu isomwe mbele ya wote. Ndipo mikono iinuliwe.

Na yule mwanamemba anayekataa kwa sauti kubwa, msimfukuze kwenye mkutano. Mpeni kiti cha mbele. Anayekataa mbele ya watu bado ni mwanamemba wenu. Wa kuogopa ni yule anayepiga makofi mchana na kuzungusha mashine usiku. Ukimuona huyo, usimuandikie amende. Nenda kwake jioni, ukae, umuulize kuna nini chini ya kitanda.